Waranti ya amplifaya iliyotumika iseme kilichopimwa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa amplifaya na spika. Naomba nafasi niwasemee wanaonunua vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika. Wengi huniletea chombo kibovu pamoja na kikaratasi cha muuzaji kilichoandikwa waranti ni miezi mitatu, basi. Kilichopimwa hakisemwi, kilichobadilishwa hakisemwi, wala nani atatengeneza.

Chombo cha sauti hakizeeki sawasawa. Transfoma ikitunzwa hudumu miongo mingi. Kapasita kubwa za pawa, yaani zile zinazohifadhi umeme ndani ya amplifaya, hukauka ndani, na joto ndilo linalozimaliza: likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Mikanda ya deki za kaseti hulegea, mingine huyeyuka ikanata kama lami. Povu linalozunguka koni ya spika huoza lenyewe, hata spika ikikaa kabatini bila kupigwa. Muuzaji aliyewasha amplifaya ikaimba nyimbo mbili hajapima hata kimoja kati ya hivyo.

Ninachoomba ni karatasi inayotaja sehemu. Kapasita za pawa ni za kiwandani au zimebadilishwa? Transista za mwisho, zile zinazosukuma umeme kwenda kwenye spika, ni zilizokuja nayo? Kwenye njia za spika, wakati hakuna muziki, kuna milivolti ngapi za DC, yaani umeme usiobadili mwelekeo? Hilo la mwisho nalisisitiza. Amplifaya isiyo na kasoro huonyesha milivolti chache tu. Transista ya mwisho ikipiga shoti na hakuna rilei (swichi inayojikata yenyewe) ya kuikinga spika, umeme wa DC huingia moja kwa moja na koili ya spika ya besi huungua mara moja. Mteja akirudi kudai huambiwa waranti ni ya amplifaya, spika haimo. Kwa haki gani, ilhali amplifaya ndiyo iliyoiunguza?

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, usimdai mtu. Ila muuzaji aandike volti hizo kwa herufi kubwa.

Sisi mafundi pia tubanwe. Transista za mwisho bandia, za namba 2SC5200 na 2SA1943, zimejaa sokoni, zina maandishi yaleyale na ndani kipande kidogo kisichohimili mzigo. Fundi anayezifunga aseme amezinunua wapi, na kazi yake aidhamini kwa maandishi.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, unaruhusu muda wa dhamana ya bidhaa iliyotumika ufupishwe kwa makubaliano, lakini usipungue mwaka mmoja. Mwaka mmoja unatosha kapasita iliyochoka kujionyesha. Miezi mitatu haitoshi, na asiyekubali kuandika zaidi ya hiyo auze bila waranti na aseme hivyo kabla hajapokea fedha.

Fundi wa vyombo vya sauti