Kwa mwanangu, kiranja wa darasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi sote hapa Malindi hatujambo, alhamdulillahi, na mamako anakusalimu sana. Kusi limeshika, samaki wamekuwa adimu sokoni, na dadako hana la kuzungumza isipokuwa mitihani yake. Ya nyumbani ni hayo. Nimeona nikuandikie kwa sababu uliyonieleza juzi kwa simu si ya kujibiwa kwa haraka, na ningependa uwe na maneno yangu mkononi siku utakapoyahitaji.

Ulinieleza mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Kuna safari ya darasa lenu la uhandisi ya kwenda kuona daraja linavyojengwa, na mhadhiri amesema wasichana si lazima waende, wabaki chuoni waandike ripoti, maana huko hakuna vyoo na kazi yenyewe ni ya jua kali. Yule mwenzenu, binti aliyetoka Faza, kisiwani Pate huko Lamu, alipouliza sababu, wavulana wakamgeuzia maneno kwenye kundi la WhatsApp. Kisha kuna mwenzenu ambaye alama zake za muhula uliopita hazionekani, na mwalimu amemwambia aende ofisini jioni, peke yake, wakazitafute. Na mwisho, unataka kugombea uenyekiti wa chama cha wanafunzi, unaniomba dua. Dua unayo. Lakini yale mawili ya mwanzo uliyafunga kwa kusema, "Mimi baba sitaki kujiingiza." Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Umo ndani tayari, mwanangu. Wewe ndiye kiranja wa darasa. Orodha ya safari umeiandika wewe kwa mkono wako, na admini wa kundi la WhatsApp ni wewe. Hata mazoezi ya upimaji wa ardhi, wewe ndiye unayegawa watu katika vikundi. Uliniambia mwenyewe, tena kwa furaha, kuwa kikundi chenu humaliza kazi mapema kwa sababu wavulana hushika mashine na wasichana huandika namba wanazosomewa, hati zao zikiwa nzuri. Hebu litazame jambo hilo kwa makini. Wiki baada ya wiki mvulana anajifunza kuiweka mashine sawa juu ya miguu yake mitatu, kulenga, kusoma, kukosea na kurekebisha. Msichana anaandika. Mkihitimu nyote mna shahada moja, lakini mhandisi wa kampuni akiuliza nani anaweza kupima kiwanja kesho asubuhi, mmoja atainua mkono na mwingine atainamisha kichwa. Hapo watu watasema wasichana hawawezi uhandisi. Hakuna aliyemfukuza darasani, hakuna aliyemtukana, na bado amenyimwa.

Ndiyo maana nasisitiza mambo madogo ya orodha na vikundi. Badilisha zamu: kila mmoja ashike mashine, kila mmoja aandike. Kazi itachelewa kidogo, na ichelewe.

Kuhusu vyoo, mhadhiri wako amelishika jambo upande usio wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke vyoo vya kutosha, na pale panapofanya kazi wanaume na wanawake, kila jinsia iwe na vyake. Kama kwenye daraja hilo hakuna, mwenye kosa ni mkandarasi, na chuo kinapaswa kumwandikia kabla ya safari. Anayeadhibiwa sasa ni msichana aliyelipa karo ileile uliyolipa wewe. Na huyo wa Faza, hebu fikiria ametokaje kwao: mashua mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, barabara ya Witu na Garsen ambayo kwa miaka mingi watu waliipita kwa msafara wa polisi. Binti aliyevuka yote hayo ndiye wa kuambiwa jua la darajani litamshinda?

Katiba yetu ya 2010 imelimaliza jambo hili katika Ibara ya 27. Inasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa na kupewa nafasi sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na maisha ya jamii. Kisha inataja misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, na orodha ni ndefu: jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, kabila, mavazi, lugha na mengine. Tena haiikatazi serikali peke yake, inamkataza pia mtu binafsi. Ujauzito na hali ya ndoa nakuomba uvikumbuke, maana huku kwetu mabinti wengi huolewa wakiwa bado wanasoma. Yule mwenzenu uliyesema amerudi na mtoto mchanga, na wenzake wanamwambia angekaa nyumbani alee, ana haki ya kiti chake kama wewe. Kiranja anaweza kuomba jaribio lisiwekwe saa ambayo mama hawezi kuacha mtoto. Hilo halihitaji kikao cha baraza la chuo.

Sasa nije kwenye lile zito.

Maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha na mafaili ya mahakama. Karani hahukumu wala hatetei, lakini anaona kila kitu kikipita mbele yake. Kesi za wasichana na wanawake nilizoziona zikianguka hazikuanguka kwa sababu walalamishi walisema uongo. Nyingi zilianguka kwa sababu waliojua hawakutokea. Tarehe ya kusikizwa inafika, jina la shahidi linaitwa mlangoni, linaitwa tena, na kiti kiko wazi. Au anakuja, anaapa, anaulizwa aliona nini, naye anajibu, "Niliambiwa." Wakili wa mshtakiwa anasimama kupinga, na hakimu anaacha kuandika. Kalamu ya hakimu ikisimama, mlalamishi naye anaiona. Nimewaona wakiiona. Na mara nyingi waliokuwepo, waliosikia kwa masikio yao wenyewe, walikuwa vijana wazuri tu, wenye adabu, ambao hawakutaka kujiingiza.

Kwa hiyo huyo mwenzenu wa alama, hivi ndivyo ningependa asaidiwe, akitaka. Nasema akitaka, kwa sababu jambo ni lake. Usilisambaze, usilipeleke kwa wakubwa bila ridhaa yake, usiligeuze kuwa hoja ya kampeni yako. Mwambie tu kwamba uko tayari, kisha mwache aamue.

Akikubali, asiende ofisini jioni. Alama zilizopotea hutafutwa kwa barua, saa za kazi. Amwandikie mkuu wa idara, ataje somo, tarehe ya mtihani na namba yake ya usajili, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Akilazimika kuonana na mwalimu huyo, aende na mtu. Ujumbe wote aliotumiwa kwa simu asiufute. Na kila mara anapoambiwa neno la namna hiyo, aandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, na nani alikuwepo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamgusa mtu mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayemsumbua mtu kwa kumtaka kimapenzi huku akijua hatakiwi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lakini mahakama inataka ionyeshwe kwamba alirudia na kuendelea. Ndiyo sababu daftari lenye tarehe lina nguvu kuliko machozi, ingawa machozi ni ya kweli.

Sheria hiyohiyo ilipotungwa ilikuwa na kifungu kilichosema anayetoa shutuma za uongo ataadhibiwa kama ambavyo angeadhibiwa mshtakiwa. Wanawake wengi waliogopa kufungua kinywa kwa sababu yake. Kilifutwa mwaka 2012. Mwambie, maana wapo watakaomtisha nacho hadi leo.

Wewe nawe andika ulichokiona wewe. Kama ulikuwepo mwalimu alipomwambia aje jioni, andika leo kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya watu, weka sahihi na tarehe, uhifadhi. Usiongeze chumvi.

Na Mungu apishie mbali, ikitokea mtu ameingiliwa kwa nguvu, hospitali kwanza. Asioge, nguo asizifue, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafuu yake. Fomu ya P3 ya polisi, ile ambayo daktari hujaza majeraha ya aliyedhurika, itafuata, na isiwe sababu ya kumchelewesha kutibiwa. Namba 1195, ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure kutoka mahali popote Kenya. Iweke kwenye simu yako na kwenye kundi la darasa, ionekane na kila mtu.

Nimelitaja kundi, basi nikwambie na hili. Wanaomwita binti wa watu majina kwa sababu aliuliza swali, waambie waziwazi humo kundini, kwa jina lako, wakome. Ukiwapelekea ujumbe faraghani hujafanya kitu, maana yeye alitukanwa hadharani. Na yule anayesambaza picha za faragha za wasichana, kama yupo, ajue Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaweza kumpeleka jela hadi miaka 2, au kumtoza faini hadi shilingi 200,000, au vyote pamoja.

Utasikia wenzako wakileta dini. Wajibu kwa upole, lakini uwajibu. Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliwafundisha masahaba hadithi, nao wakamrudia kumuuliza walipotatizika. Wakileta mila, Pate iliwahi kutawaliwa na malkia, Mwana Khadija, katika karne ya 18. Na ya juzi tu ni kwamba mwaka 2022 watu wa Lamu Mashariki, kwao huyo binti wa Faza, walimchagua mwanamke, Ruweida Obo, kuwa mbunge wao wa eneo zima, si kwa kiti cha wanawake. Wazee wa Kizingitini na Faza walipiga kura hizo. Sielewi kijana wa chuo kikuu awe nyuma yao.

Tena chuo chenyewe si mahali palipozaliwa na usawa. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na bado ilimbidi apiganie wanawake wahadhiri wapate marupurupu sawa na wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kazini akakataliwa. Mwaka 2004 dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kila haki ambayo dadako ataikuta tayari akifika chuoni, kuna mtu aliyeigharamia.

Sasa uenyekiti. Sheria ya Vyuo Vikuu, kwa marekebisho ya 2016, inataka mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na naibu wake wawe wa jinsia tofauti. Najua inavyofanyika: kijana anajitangaza, anajaza timu yake, kisha wiki ya mwisho anatafuta msichana yeyote mpole wa kujaza nafasi ya naibu, apigwe picha ya bango. Hata Bunge letu limeshindwa kutimiza kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje. Wakubwa wakifanya hivyo, nyinyi mnaiga. Mimi nakuomba ufanye tofauti. Mtafute mtu ambaye siku haupo ataendesha kikao na wewe utaridhika na uamuzi wake. Mpe kazi yenye fedha na sahihi ndani yake. Na kama baada ya kuangalia vizuri utaona binti wa Faza anafaa kiti kile kuliko wewe, kwa yote uliyonieleza juu ya ujasiri wake na akili yake, mwombe agombee yeye na wewe uwe naibu. Sitapungukiwa na fahari. Nitawaambia watu msikitini kuwa mwanangu ni naibu.

Basi kabla ya lolote, ichukue ile orodha ya safari uiandike upya, majina yote, bila alama ya nani msichana na nani mvulana. Ipeleke kwa mhadhiri na barua fupi ya kuomba chuo kiwasiliane na mkandarasi kuhusu vyoo. Zungumza naye kwa heshima, ni mwalimu wako, na mpe nafasi ya kubadilisha neno lake bila kuaibika mbele ya darasa. Akikataa, nakala iende kwa mkuu wa idara, na kuna Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ambayo hupokea malalamiko ya namna hiyo bila malipo.

Nimekutumia kidogo kwa M-Pesa, ya kutoa nakala na nauli. Jumapili baada ya Isha nitakupigia, nataka unisomee barua hiyo kabla hujaipeleka. Nimeandika barua nyingi za ofisi, huenda nikakusaidia neno mbili tatu.

Wasalaam,
Babako, Malindi