Habari nzito tunazisomea Jeevanjee

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe yaliyo moyoni. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo moja River Road, hapa Nairobi. Jirani yangu anauza vipuri vya simu na redio yake haizimwi. Kufikia saa sita nimeshasikia vita vya Sudan, bei ya mafuta na wazazi wanaotafuta watoto waliotoweka. Sitaki kuziba masikio. Naishi Huruma, na mafuriko ya 2024 yaliwatoa majirani zangu vitandani usiku wa manane, kwa hivyo naijua habari inayobisha hodi mlangoni. Ila usiku nikiifungua simu peke yangu, habari hizo hunikesha.

Mchana mambo ni tofauti. Saa saba nafunika cherehani, natia gazeti kwapani na kuelekea Bustani ya Jeevanjee. Pale gazeti moja lina wenyewe wengi. Mzee mmoja mstaafu wa reli huomba ukurasa wa tanzia kwanza, akausoma kidole kikifuata majina. Kijana anayeng'arisha viatu hungoja michezo. Wahubiri nao hawanyamazi, lakini tumewazoea.

Majuzi kulikuwa na habari ya mama aliyefiwa na mwanawe na hana uwezo wa kumzika. Mzee aliisoma kwa sauti hadi mwisho. Tulikaa kimya. Kisha mama wa njugu karanga akaweka beseni chini, akauliza, "Wameandika nambari ya kutuma mchango?" Tukageuza ukurasa juu chini, hatukuona. Hata hivyo alitoa shilingi hamsini, mzee akatoa, nami nikatoa. Nikazipeleka kwa wakala wa gazeti lenu mtaani, naye akaahidi kumtafuta mwandishi. Alasiri ile nilishona sare tatu za shule bila kuharibu mshono hata mmoja, na mawazo yangu yametulia.

Bustani hiyo tulipewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka wa 1906, mtu yuleyule aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuichimba ili yajengwe maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wakazi, na ndiyo maana leo mtu asiye na pesa ya hoteli ana kivuli cha kuketi katikati ya jiji. Serikali ya kaunti iitunze, na kiingilio kisiwahi kutozwa.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mnapochapisha habari ya msiba, moto au mafuriko, na wahusika wakikubali, wekeni chini yake nambari ya mchango iliyothibitishwa, kwa herufi kubwa. Macho ya mzee wetu si mazuri.

Fundi cherehani,
River Road, Nairobi