Kwa Juma, kuhusu zile kilo 40

Juma ndugu yangu,

Mwanza mnaendeleaje, mama hajambo? Huku Tanga tuko wazima, mvua imeanza na uani matope matupu ila bado tunapiga tizi pale chini ya bati.

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema mwili umegoma, miezi miwili kifua, yani kulala benchi na kusukuma chuma juu, kiko kwenye kilo 40 zile zile, mikono haijaongezeka hata kidogo, na kuna jamaa hapo jimu anakwambia we mwisho wako ndo hapo, ukitaka kuendelea uchome sindano. Nikaona nikuandikie kabisa maana kwa simu abiria akija tu unakata.

Hilo la sindano tulimalize kwanza. Usichome kaka, nakuomba, na vidonge pia usimeze. Zile ni homoni, mwili ukishaona zinaingia kutoka nje unaacha kutengeneza za kwako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, moyo unabeba mzigo, na vile vidonge vinaumiza ini. Una miaka 24, umebeba chuma miezi mitano tu, na huyo jamaa hajakuuliza hata unakula nini wala unalala saa ngapi, sasa amejuaje mwisho wako?

Mi naamini hujafika popote karibu na mwisho wako, na nakwambia hivi kwa sababu mwaka jana nilikwama hapo hapo. Unakumbuka mwanzoni ulivyokuwa unapanda? Ulianza na chuma kitupu, wiki mbili tatu ukaongeza, ukaongeza tena. Pale kilichokuwa kinakua zaidi ni ile akili ya mwili, mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli yote ifanye kazi kwa pamoja, nguvu inapanda haraka hata kabla nyama haijajaa. Hiyo ngazi ikiisha inabaki nyama yenyewe, na nyama inajengwa taratibu sana. Kila anayebeba chuma anapita hapo na wengi ndo wanaachia hapo.

Mi kilichonitoa ni daftari. Lile la shule la kurasa 96, nikaanza kuandika tarehe, uzito, na mara ngapi nimenyanyua. Baada ya wiki tatu nikakaa nikalisoma, kila ukurasa kilo 40, mara kumi, mara kumi, mara kumi, alafu narudi nyumbani. Mwili ulishazoea huo mzigo zamani, hauna sababu ya kujenga kitu kipya. Alafu nikafanya jambo la pili ambalo nashangaa sikulifanya mapema, nikabeba vile vyuma vyetu vya zege, unavijua, vile tulivyomwagia kwenye makopo ya rangi, nikavipeleka kwa muuza nafaka pale kona tukavipima kwenye mizani ya mchele. Kile cha kushoto tulichokiita 20 kikatoka 17, cha kulia 21. Yani miezi yote ile chuma kilikuwa kinalalia upande mmoja na bega langu la kulia ndo lilikuwa linaniuma kila asubuhi. Sasa vya kwenu najua vimekatwa na fundi wa kuchomelea, kapime na vyenyewe, usiamini namba iliyoandikwa kwa rangi.

Alafu kuhusu kuongeza. Kwenu chuma kidogo kabisa ni kilo 2 na nusu, ukiweka pande zote umeongeza 5, na kutoka 40 kwenda 45 ni zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, ndo maana kila ukijaribu unaporomoka ukinyanyua mara ya nne. Fanya kama sisi, chukua mifuko miwili midogo ya mchanga, kila mmoja kilo moja, funga kwa mpira wa tairi huku na huku, uwe na 42. Kabla ya hapo baki na 40 lakini panda idadi, kutoka mara 8 mpaka ufikishe 12 kwenye seti zote tatu, yani kila mzunguko kabla ya kupumzika, ukifika ndo unaweka mchanga na unarudi kwenye 8. Na usiishie pale inapoanza kuchoma, endelea mpaka uone imebaki moja au mbili tu ungeweza. Kati ya seti kaa dakika mbili hata tatu, usikimbilie.

Kwenye ile video nimeona kitu, chuma unakiachia kinashuka kwa kasi kinadunda kifuani ndo kinapanda, na makalio yanaachia benchi. Shusha taratibu, hesabu moja mbili tatu, kiguse fulana, kisha sukuma. Wiki ya kwanza utaona 40 imekuwa nzito, vumilia.

Na kifua kila siku acha. Siku sita kwa wiki kifua na mikono, miguu sijakusikia ukiitaja. Mi sa hivi napiga siku tatu, mwili mzima, na misuli inapata muda wa kujijenga maana inajijenga ukiwa umepumzika. Hapo ndo nakuja kwenye usingizi wako Juma, hili ndo linaniumiza zaidi. Unashusha abiria wa mwisho saa saba usiku, saa kumi na moja uko barabarani tena. Masaa manne! Najua hela inatafutwa na sikulaumu, lakini ule mchana kijiweni kukiwa hamna watu, lala hata lisaa, na zile siku tatu za chuma jitahidi ufunge kazi mapema ufikishe masaa saba.

Chakula sasa. Ulisema una kilo 62. Mtu anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kwako ni kama gramu 100 kwa siku. Yai moja lina kama 6 tu, kwa hiyo chipsi mayai ya usiku peke yake haikufikishi popote. Ila uko Mwanza kaka, umekalia dagaa! Dagaa mkavu kama nusu ya uzito wake ni protini, bakuli moja na ugali mchana, maharage jioni, maziwa nusu lita, mayai mawili matatu asubuhi, umefika bila kununua lile kopo la unga wa laki na kitu. Ugali usiupunguze, mwili ukiwa na njaa haujengi.

Jumapili saa mbili usiku nakupigia. Uwe umeshavipima vyuma na umeandika ukurasa wa kwanza, unisomee namba hata kama ni ndogo. Msalimie sana mama, mwambie dagaa aliotufungia safari ile waliisha siku nne.

Ndugu yako,
Hamisi