Kila jengo la umma liwe darasa la mafundi

Mhariri,

Mafunzo ya matofali ya udongo yaliyoshindiliwa yanayofanyika mitaani Nairobi mara nyingi huishia kwenye kuvuta mkono wa mashine. Baada ya mvua za masika mawili matatu kona za kuta humomonyoka, na watu husema udongo ni wa nyumba za maskini. Udongo hauna hatia. Kilichorukwa ni kazi inayotakiwa kabla ya tofali la kwanza.

Kwanza udongo upimwe. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, chekecha, loanisha, kisha ujaze kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kilichopakwa mafuta ndani. Kianike juani siku 3 au kivulini siku 7. Udongo ukikauka, usukume upande mmoja upime pengo. Pengo la sentimita moja hivi, tumia sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo. Likikaribia sentimita 5, iwe 1 kwa 12, au ongeza mchanga upime upya. Ukijikunja na kuinuka katikati, uache. Udongo mwekundu wa Dagoretti na Kabete mara nyingi hufaa ukitiwa mchanga. Ule mweusi wa Embakasi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, haufai kwa matofali, na msingi hauwezi kukaa juu yake bila kuuondoa.

Kisha maji. Finyanga donge, liangushe kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vichache, mchanganyiko uko sawa. Likisambaratika, ni mkavu. Likibaki bonge moja lililobonyea, maji yamezidi. Saruji ikishakutana na maji, mchanganyiko uishe ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo anayekoroga asubuhi rundo la kutwa nzima anashindilia saruji iliyokwisha kuganda. Matofali yafunikwe kwa turubai na kunyunyiziwa maji siku 7, kisha yangoje hadi siku ya 28. Hapo ndipo kontrakta mwenye haraka huharibu kazi, maana siku ya 10 tofali huonekana gumu kwa macho.

Mambo haya hayafundishiki ubaoni. Tunaiomba Kaunti ya Nairobi iweke sharti katika zabuni za madarasa ya chekechea, zahanati na kumbi za mitaa: wanafunzi wa vyuo vya ufundi wafanye kazi pale kuanzia kupima udongo hadi kuezeka, wakilipwa kama vibarua wengine.

Wakazi nao waingie kabla mchoro haujakamilika. Mtaa wa mabanda wa Mukuru, hapa Nairobi, ulipotangazwa eneo maalum la upangaji mwaka 2017, wakazi wa sehemu zake za Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani walishiriki kupanga mtaa wao, na huo ni mfano wa kuigwa. Mkazi ndiye ajuaye maji hupita wapi mvua ikinyesha usiku. Mchoraji asiyetembea naye wakati wa mvua ataweka choo kwenye mkondo.

Mchoro wenyewe uzingatie kwamba tuko karibu sana na ikweta: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na stoo au ngazi zikae magharibi zipokee jua kali la jioni. Paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, na safu za chini ziwe za mawe, kwa sababu matone yanayoruka kutoka ardhini ndiyo hula ukuta wa udongo. Paa la mita 100 za mraba hutoa lita 800 hivi kwa mvua ya milimita 10. Tangi liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na karatasi ya vipimo vya udongo ibaki kwa kamati ya wakazi. Bila hiyo, kontrakta asilipwe hatua ya kuta.

Wakufunzi wa ujenzi,
Nairobi