Pesa za Oktoba zilipie nauli za boti

Mheshimiwa mhariri, assalaam alaykum.

Mie ni mama wa watoto wanne nakaa Wete, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako mana Oktoba ndo imeingia na tushaanza kuona tisheti za pinki na matembezi na watu wanachangishana kwa ajili ya kansa ya ziwa. Jambo zuri na Mungu awalipe. Nataka tu kusema hizo pesa zikipatikana ziende wapi.

Mama yangu mdogo alihisi kitu kwenye ziwa la kushoto siku moja anaoga. Alinishika mkono akauweka pale mwenyewe, kigumu kama kokwa ya tende, akanambia hakiniumi mwanangu kwa hiyo si kitu. Na hapo ndo tunapopotea wengi, tunangojea maumivu, na kansa ya ziwa mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa. Ulikuwa msimu wa karafuu akasema tumalize kuchuma, ikaja Ramadhani akasema tufunge kwanza, katikati akanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani (kombe mie siligombi, dua ni dua, lakini mtu anywe kombe na hospitali aende), akenda na kituo kimoja cha afya akapewa dawa za maumivu akarudi nyumbani. Siku tunamvusha Unguja kwenda kukatwa kipande kidogo cha nyama ya ziwa kikapimwe, ngozi ya ziwa ishafanya vishimo kama ganda la chungwa na chuchu ishaingia ndani. Kutoka hapo ikawa Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road, mionzi. Tumemzika mwaka jana.

Kitandani ndo alinambia, mwanangu sikuwa na nauli na sikutaka kukuombeni.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na kansa hii na watu kama 670,000 walikufa, na karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa mwanamke na kupita miaka 40. Kwa hiyo tuache kuulizana kalaaniwa na nani. Na wanaume nao inawapata, wachache lakini inawapata.

Sasa mtu ukimfundisha kujipapasa akaona uvimbe, halafu yuko Pemba, kipimo kiko ng'ambo ya bahari, nauli hana, wa kumuachia watoto hana, si umemuongezea usiku wa kukosa usingizi tu? Elimu na nauli viende pamoja jamani.

Sisi kwenye mchezo wetu wa kupeana pesa wanawake 24 tumeweka kopo, kila mmoja elfu moja kwa mwezi, mwenye uvimbe anachukua bila kuulizwa maswali. Wawili washakwenda. Wa kwanza kaambiwa si kansa, uvimbe wa kawaida tu, na uvimbe mwingi ndo huwa hivyo, alirudi analia kwa furaha bandarini Mkoani. Wa pili kaanza matibabu mapema na saivi anapika maandazi kama zamani.

Nawaomba wanaoandaa matembezi watenge fungu la nauli na malazi, walitangaze, na mtu ajue akalichukue wapi. Na nyinyi waume zetu, mke akikwambia nna kitu usimwambie subiri.

Kopo liko kwangu, mwezi huu kuna jirani yetu anasafiri nalo Jumatatu na boti ya asubuhi, mtoto wake mdogo atalala hapa.

Wasaalam,
Mama wa Wete, Pemba