Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uvuvi Wetu wa Baridi, Ghuba ya Galveston

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Mwaka huu tumevua zaidi Desemba hadi Machi, kwa hiyo nitazungumzia miezi hiyo.

Wengi wetu tulikulia Kigoma, Tanga, Lamu na Uvira, tukazoea kutoka alfajiri. Hapa Texas baridi imetufundisha kusubiri jua. Upepo wa kaskazini wa huku si kaskazi yetu ile ya majahazi. Huu husukuma maji nje ya ghuba hadi matope na miamba ya chaza vinabaki wazi, na samaki hukimbilia mashimo na mifereji yenye kina, kama pale Offatts Bayou, mkono wa maji wenye kina kisiwani Galveston. Upepo ukishatulia, jua la mchana hupasha matope, na redfish, yule wa doa jeusi mkiani, hupanda maji mafupi kutafuta chakula. Huuma kwa uvivu, basi vuta mshipi polepole.

Aliyetulisha hasa ni samaki dramu mweusi (black drum), ambaye sisi tunamwita ngoma kwa mngurumo wake. Ana ndevu kidevuni za kupapasia matope, na meno ya kooni ya kusaga kaa na chaza. Chambo cha kamba au nusu ya kaa karibu na miamba ya chaza kinatosha. Wadogo wenye milia wana nyama laini. Kina mama waliwapika kwa nazi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa jambo linaloniuma. Kuanzia Februari ngoma wakubwa husogea kwenye milango ya ghuba kutaga. Mimi mwenyewe nilimpata mmoja kwenye kuta za mawe, nikamning'iniza kwa taya huku tukipiga picha moja baada ya nyingine. Nilipomrudisha majini aligeuka tumbo juu. Samaki huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Nilimwua kwa sababu ya picha, na naomba radhi mbele yenu.

Februari 2021 baridi kali iliua samaki wapatao milioni 3.8 pwani ya Texas, kwa makadirio ya Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, na ngoma walikuwa miongoni mwa walioumia sana. Baada ya pigo kama lile, ghuba hujazwa upya na ngoma wakubwa hawa wanaotaga.

Sheria mnaijua: ngoma inchi 14 hadi 30, watano kwa siku, redfish inchi 20 hadi 28, watatu. Sheria inaruhusu kubaki na ngoma mmoja anayezidi inchi 52. Kamati inapendekeza chama chetu tusimchukue hata huyo. Tumshike kwa mikono miwili, tumbo likiwa limeegemezwa, tumwachie upesi. Mtalipigia kura leo.

Leseni nyingi za uvuvi huisha 31 Agosti, kila mwenye miaka 17 na zaidi aangalie yake. Kwenye mlango wa bahari wa San Luis Pass hatutaingia majini kwa miguu tena. Mkondo wake umeua watu. Kwenye boti, jaketi la uokozi ni lazima, wazee pia.

Mbao za kupimia samaki ziko mezani karibu na mlango. Kila familia ichukue moja kabla ya kuondoka.