Siri haiko kwenye jukwaa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Les Misérables, ile tamthilia ya muziki, inadai kwamba kilichoidumisha ni jukwaa linalozunguka na lile boma la mbao na samani zilizovunjika. Hapana. Jukwaa hilo liliondolewa London mwaka 2019, onyesho likasukwa upya, na bado watu wanakata tiketi.

Hata mwanzo wake London haukuwa mwepesi. Ilipofunguliwa katika ukumbi wa Barbican, Oktoba 1985, wahakiki wengi waliiponda. Watazamaji ndio waliojaza viti. Riwaya ya Victor Hugo iliyoizaa, ya mwaka 1862, nayo si nyepesi: ina kurasa kibao za vita vya Waterloo na za mitaro ya majitaka ya Paris. (Nimeisoma yote. Haya, mitaro niliirukaruka.)

Mimi naona siri iko kwenye muziki wa Claude-Michel Schönberg, hasa jinsi tuni moja inavyohama kinywa hadi kinywa. Jean Valjean, aliyetumikia miaka 19 kwa mkate aliouiba na majaribio yake ya kutoroka, anamwibia askofu vyombo vya fedha. Askofu anawaambia polisi kuwa ni zawadi, kisha anamwongezea vinara viwili. Valjean anabaki peke yake, ameduwaa, akijiuliza yeye ni nani sasa. Karibu na mwisho wa onyesho, Inspekta Javert, aliyemwinda miaka yote hiyo, anaachiwa uhai na Valjean huyo huyo. Naye anabaki peke yake, juu ya mto Seine, na muziki unaopigwa ni ule ule! Mmoja alipokea huruma akageuka. Mwingine ilimlemea, akajitupa majini. Hakuna mhusika anayesimama kukufafanulia. Sikio linakumbuka kabla ya akili.

Vivyo hivyo, tuni anayokufa nayo Fantine akimwita mwanawe inarudi kwa Éponine, msichana anayetembea usiku akimwaza kijana asiyempenda. Jukwaa lizunguke, lisizunguke, hapo machozi yanatoka.

Jambo la mwisho: uasi unaoonyeshwa si Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kama mlivyoandika. Ni ule wa Juni 1832, uliozimwa ndani ya siku mbili. Naomba msahihishe.

Msomaji wenu wa siku nyingi